Utepe Uliofungwa Mafundo

Nilikuwa nimelala kifudifudi kando ya shimo, mkono mmoja umezama ndani hadi begani, nikisugua udongo kwa brashi ili mgongo wa bomba uonekane. Chini ya kifua nilikuwa nimetandika kipande cha godoro ambacho natembea nacho kazini kama wengine wanavyotembea na mwavuli. Kitu kilichofukiwa hakikaguliwi kwa kusimama.

"Mama Mkaguzi, tukuletee na shuka?" aliuliza mmoja wa wachimbaji, mtu mnene wanayemwita Bonge.

"Lete na mto kabisa," nikamjibu kutoka shimoni. "Mtaniamsha jioni."

Wakacheka, nami nikacheka, vumbi likaniingia puani. Asubuhi ilikuwa nzuri. Tangu nifike mtaani pale sikuwa nimeona kitu cha kunikunjisha uso. Mtaa ulikuwa umepata bomba jipya la maji, kutoka barabara kubwa kule juu hadi kwenye kona ya chini. Kazi ilikuwa imekwisha, mtaro umefukiwa na kushindiliwa, na mimi nilikuwa nimetumwa na ofisi ya vibali kuangalia kama kilichoko ardhini ndicho kilichoahidiwa kwenye karatasi. Maji yalikuwa yamejazwa jana yake na presha ikakaa pale pale bila kutikisika. Koki zilifunguka na kufungika kwa mkono mmoja. Waya wa umeme wa ardhini ulikuwa mbali na bomba, kama inavyotakiwa. Yalikuwa yamebaki mashimo ya majaribio tu: mimi nachagua mahali, wao wanachimba, nashuka na fimbo yangu ya kupimia.

Shimo la kwanza tulilichimba juu, mbele ya kinyozi, na lilinifurahisha. Mchanga uliolizunguka bomba ulikuwa umechekechwa, hauna hata kokoto ya kumuumiza mtoto. Juu ya bomba, kiasi cha kutoka kiwiko hadi kiganja, ulikuwa umelazwa utepe wa buluu wenye maandishi ya kumtahadharisha mtu kwamba chini yake kuna maji. Ulikuwa umenyooka kama umepigwa pasi.

"Nani kalaza huu?" niliuliza pale kwa kinyozi.

"Mimi, mama," alijibu mwenye kazi, kwa sauti ya mtu anayeogopa kusifiwa mapema.

Mwenye kazi wanamwita Taratibu, kwa sababu kila linapotokea jambo yeye husema, "Taratibu jamani, taratibu." Miaka mingi alikuwa akilaza mabomba chini ya majina ya wakandarasi wengine. Hii ilikuwa mara yake ya kwanza kibali kuandikwa kwa jina lake. Nikipitisha kazi, watu wa lami wangekuja keshokutwa kuufunika mtaa, naye angeendelea na mitaa ya chini iliyokuwa ikimsubiri. Nikiikataa, angefukua mtaa mzima upya, watu wa lami wangehamia kwingine, na mitaa ya chini angepewa mtu mwingine. Alilijua hilo. Nililijua. Kikosi chake chote kilijua, maana kikosi chenyewe kilikuwa karibu nyumba yake: Mjomba, ndugu wa mama yake, mzee aliyechimba mitaro tangu mimi sijajua mchoro unashikwa upande gani, Shemeji, kaka wa mkewe, na Bonge, ambaye si ndugu wa damu ila wote wanasema ni ndugu wa sahani.

Shimo hili la pili lilikuwa mbele ya mlango wa fundi cherehani. Walipokuwa wakilichimba sikuona utepe ulipotakiwa kuwa. Sikusema kitu. Utepe huweza kusogea pembeni wakati wa kufukia, na mtu akiwahi kusema hubaki akitafuta namna ya kurudisha maneno yake mdomoni. Nikaendelea kusugua. Brashi ikafika kwenye rangi ya buluu, na kwa kina kile nikajua siko mahali pa utepe bali nimefika kwenye bomba lenyewe.

Nikasugua zaidi. Utepe ulikuwa umezungushiwa bomba, umekazwa, na juu yake kuna fundo. Mbele kidogo, fundo jingine. Yalikuwa mafundo mazuri, yamefungwa na mtu mwenye subira.

"Hapo sasa umefika penyewe!" alisema Mjomba, akainama juu yangu, mikono magotini. "Huo, mwanangu, hata uvute na trekta, hautoki."

Nikainua uso kumtafuta Taratibu. Alikuwa amepiga magoti upande wa pili, mchoro wake umebanwa kwapani, akiangalia ndani ya shimo kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta vyombo vya jirani. Hapo nikajua jambo moja: alikuwa akiuona kwa mara ya kwanza, kama mimi.

Nikatoka, nikajikung'uta, nikakaa kwenye kipande changu cha godoro.

"Mjomba," nikasema, "nisaidie kidogo. Chukua sururu. Chukulia wewe umetumwa miaka kumi ijayo, umeambiwa chimba hapa uweke nguzo, hujui kama kuna bomba. Unapigaje?"

Mzee alifurahi kuombwa. Akapanda kwenye udongo ambao haujachimbwa, akatema viganjani, akainua sururu na kuonyesha hewani, bila kugusa chini. "Napiga hivi. Kisha hivi. Nikikuta udongo laini nazidisha."

"Utaona utepe saa ngapi?"

"Nikifika…" Akasimama, sururu begani. Akachungulia shimoni. Akakadiria kwa macho urefu wa ncha ya sururu na mahali bomba lilipolala. "Nikiuona utepe," alisema polepole, "sururu imeshalitoboa bomba."

"Na kule kwa kinyozi?"

"Kule ningeuona mapema. Ningesimama." Akashusha sururu. "Kumbe utepe si wa bomba. Ni wa mchimbaji."

"Ni wako wewe, Mjomba."

"Mimi nilidhani mnauweka ulivalishe bomba," alisema. "Nikaona ukiwekwa hivi hivi tu, udongo utausukuma. Nikasema tuufunge, ukae."

Bonge akaguna. "Na tulivyojifunza yale mafundo!"

Sikucheka, ingawa nilitaka. Nikamgeukia Taratibu. Mwongozo wetu uko wazi katika jambo hili. Kosa likipatikana na asili yake haijulikani, njia nzima inafukuliwa. Asili yake ikijulikana, na mashimo mengine yakathibitisha linapoanzia na linapoishia, kinafukuliwa kipande chenye kosa peke yake. Nikawaeleza hivyo hivyo, kwa maneno hayo. Kisha nikauliza swali ambalo ni lazima niulize: "Kipande hiki kilipofukiwa, nani alikuwa anasimamia?"

Kibali kinataka mwenye kazi awepo mtaro unapofukiwa. Asipokuwepo, linaandikwa, pamoja na jina lake.

Taratibu akainuka, akajipangusa magoti. "Mimi," alisema.

"Yeye," alisema Shemeji.

"Alikuwepo, alikuwepo," alisema Bonge, akiitikia kwa kichwa kupita ilivyohitajika. "Amesimama pale pale ulipo wewe, mama."

Mjomba alikuwa akitazama sururu.

Sikuandika kitu. Jua lilikuwa limeanza kuchoma, nikasema naomba kivuli kidogo kabla hatujaendelea, nikaingia kwa fundi cherehani.

Chumba chake kilikuwa kidogo, kimejaa nguo. Sare za shule zilining'inia kwenye kamba moja, magauni kwenye nyingine, na cherehani ilikuwa karibu na dirisha ili ipate mwanga. Ukutani zilipangwa ndoo za maji zenye vifuniko, na juu ya kifuniko kimoja alikuwa ameweka pasi. Fundi mwenyewe, mwanamke wa rika langu, alikuwa akikata kitambaa cha kaki juu ya meza, huku akiuma midomo.

"Kaa hapo, dada, sukuma hizo suruali," aliniambia. "Mmetuchimba mpaka wateja wangu wanafika kwa kuruka. Siku za mtaro mmoja kaja kupunguza sketi, kaondoka kairarua."

"Pole. Inakaribia kwisha."

"Nasikia mnataka kuanza upya."

"Nani kasema?"

"Dirisha langu liko wazi, shoga. Mimi sisemi kitu. Mimi nashona." Akakata kitambaa hadi mwisho, akaweka mkasi chini, akauchukua tena. Alikuwa na neno, na neno lilikuwa likimkereketa. Lakini sikumuuliza. Mambo ya watu ni afadhali waseme wenyewe, na nilikuwa na muda.

Nje niliwasikia wakizozana kwa kunong'ona, ule mnong'ono wa wanaume watatu ambao mtaa mzima unausikia.

"Mwache aulize mpaka achoke."

"Akiuliza mimi naapa."

"Wewe Bonge kiapo chako nani anakijua?"

"Basi aape Mjomba. Mzee haulizwi mara mbili."

Kisha sauti ya Mjomba, imekauka: "Nitaapa."

Mlango ukafanya giza. Taratibu alikuwa amesimama kizingitini, kofia mkononi.

"Mama, naomba nikwambie jambo."

"Nitoke?" aliuliza fundi cherehani, bila kunyanyuka.

"Kaa tu, mama. Wewe ndiye uliyemtumia mtoto nguo za kwanza." Akaingia. Hakukuwa na mahali pa kukaa, akabaki amesimama kati ya sare za shule, mkono wa shati moja umemgusa sikio. "Nilisema nilikuwepo. Sikuwepo. Siku ile walinipigia simu kwamba mke wangu kashikwa na uchungu kabla ya wakati wake. Nikawaambia Mjomba na wenzake wafukie kama nilivyowaonyesha, nikakimbia hospitali. Kipande hiki kilifukiwa mimi nikiwa nimekaa kwenye benchi la wodini."

"Wazima?" nikauliza.

"Wazima wote. Msichana." Uso wake ukafunguka kidogo, ukajifunga tena.

"Kwa nini ulisema ulikuwepo?"

"Mdomo ulitangulia. Ukiandika sikuwepo, atakayesoma atasema, huyu kazi ya kwanza tu keshaikimbia. Na nikishaandikwa, nimeandikwa."

Nikafikiri jinsi ya kumwambia bila kumsukuma. "Nikiandika ulikuwepo," nikasema, "basi mafundo yale yalifungwa mbele ya macho yako ukaona ni sawa. Hapo sina sababu ya kuamini kwamba kwingine hukuona ni sawa vile vile. Mtaa mzima utafukuliwa."

"Hiyo hesabu nimeshaipiga, mama. Lakini siyo iliyonileta." Akaonyesha nje kwa kidole gumba. "Nimemsikia Mjomba anasema ataapa kwa ajili yangu. Mzee wa umri ule. Kanibeba mgongoni. Siwezi kukaa nikamsikiliza."

Fundi cherehani akaachia pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu nilipoingia. "Afadhali," alisema, akaanza kushona kwa kasi. "Nilikuwa naharibu suruali ya watu hapa."

Nikamuuliza Taratibu kipande hicho kinaanzia na kuishia wapi. Akajibu bila kusita: kutoka kwenye koki iliyo hatua chache kupanda kutoka mlango huu hadi kwenye nguzo ya umeme. Baada ya nguzo, kesho yake asubuhi, alikuwa amesharudi.

"Vizuri. Tuchimbe tuone."

Tulichimba upande wa juu wa koki kwanza. Utepe ulikuwa umelala mahali pake, bapa, buluu yake inang'aa. Nilimwona Taratibu amesimama wima zaidi. Tukashuka hadi upande wa chini wa nguzo ya umeme, mahali aliposema alikuwa amesharudi. Bonge akachimba, Shemeji akatoa udongo kwa beleshi. Nikatandika godoro langu, nikalala, nikashuka na brashi.

Fundo.

Nilikaa na mkono wangu mle ndani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Si vizuri kumwangalia mtu usoni mara moja katika hali kama ile. Humwachii hata nafasi ya kupanga uso wake. Nilipoinuka, Taratibu alikuwa amegeuka rangi.

"Mama, mimi hapa nilikuwepo. Wallahi nilikuwepo. Nilifika asubuhi ile, sikwenda kokote."

"Ngoja."

"Utasema nimekudanganya mara ya pili."

"Sijasema kitu. Taratibu," nikamwambia, na ndipo nilipotambua nimemwita kwa jina lake na kumpa dawa yake kwa pamoja. Bonge akakohoa kuficha kicheko.

Mjomba alikuwa amekaa juu ya karai lililopinduliwa. Akanyanyuka kwa kujishika kiuno. "Huyo hajui," alisema. "Hapa ni sisi."

"Mjomba!" Shemeji akamwita, kama kumzuia.

"Niache niseme, nilishaacha kuapa. Asubuhi ile sisi tulifika kabla jua halijatoka. Tulikuwa na furaha, mwanangu, mtoto kazaliwa, tukasema tumpunguzie mwenzetu kazi, akija akute tumeshasogea. Tukalaza, tukafunga, tukafukia mpaka geti la fundi baiskeli. Alipofika alikuta tunashindilia. Akatushukuru, akatugawia peremende."

"Nilikula nyingi," alisema Bonge.

"Na baada ya geti?" nikauliza.

"Baada ya geti alilaza utepe mwenyewe. Hakufunga." Mjomba akamtupia mpwa wake jicho. "Mimi nikasema moyoni, huyu leo ana haraka ya kurudi kwa mwanawe, analipua kazi. Nikamstahi. Sikutaka kumwambia mbele za watu."

Taratibu akamgeukia. "Mjomba, kumbe siku zote hizo ulikuwa unanihesabia mimi mvivu?"

"Si mvivu. Baba."

Hapo hata mimi nilishindwa, nikacheka hadi nikalazimika kujifuta macho kwa kiwiko, maana viganja vilikuwa na tope. Shemeji akakaa chini kabisa, miguu ndani ya shimo. Kwa mbali kinyozi akachungulia kuona kinachotuchekesha, mteja wake akiwa na upande mmoja tu wa kichwa ulionyolewa.

Kucheka si kuthibitisha, kwa hiyo tuliendelea. Tulichimba upande wa chini wa geti la fundi baiskeli, tukakuta utepe umelazwa sawasawa. Tukachimba karibu na kona ya mwisho, na pale ulikuwa sawa pia. Kosa likawa na kichwa na mkia: linaanzia kwenye koki, linaishia getini. Nikaweka alama ya chokaa pande zote mbili, na kati yake nikavuta mstari.

Nikampigia simu mkuu wangu wa kazi. Ni mtu mwenye haraka, husema "enhe" kabla hujamaliza.

"Enhe, imepita au haikupita?"

"Bado."

"Bado ndiyo nini? Watu wa lami wananipigia."

Nikamweleza: mchanga ni mzuri, presha imekaa, kina ni sawa, utepe katika kipande kimoja umefungwa kwenye bomba, chanzo kinajulikana, mipaka imeonekana, mwenye kazi hakuwepo sehemu ya kipande hicho ilipofukiwa, na amelisema mwenyewe. Wanafukua leo, wakishindwa kumaliza wanamalizia kesho, nami nitakuwepo mtaro ukifukiwa.

"Amelisema mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Enhe. Basi watu wa lami nitawaambia wasubiri neno lako. Lakini kesho, bibi, isiwe kesho ya mwakani."

Taratibu alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwangu, anajifanya kukunja mchoro. Nikamsomea nilichokusudia kuandika, kwa sababu mtu ana haki ya kujua anakwenda kuzungumziwa vipi. Niliandika kwamba mwenye kazi hakuwepo wakati kipande cha kati kikifukiwa, kwa sababu mkewe alikuwa anajifungua; kwamba alieleza hilo kabla kipande hakijafukuliwa; kwamba kipande kilichoongezeka kilielezwa na wachimbaji wake; na kwamba kazi iliyobaki ya njia hiyo ilikutwa imefanywa vizuri.

"Naomba usome tena ile ya mwisho," alisema.

Nikaisoma tena.

"Na ile ya kwanza lazima ibaki?"

"Lazima ibaki."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu kama jina lake. "Ibaki. Ni kweli." Akavaa kofia. "Na mitaa ya chini?"

"Mitaa ya chini wanaigawa wengine, si mimi. Lakini watakachosoma ni hicho nilichokusomea, chote, si mstari mmoja."

Ilitosha, nadhani, maana aliwageukia wenzake, akapiga makofi. "Jamani, tunaanzia kwenye koki. Sururu zisiende chini ya nusu ya kina, kinachobaki ni cha beleshi na mikono. Taratibu."

Walifanya kazi vizuri mchana ule. Nimekagua vikosi vingi, na najua kikosi kinachofukua kwa hasira. Udongo huruka kila upande. Hawa walikuwa wakiutoa na kuupanga kando ya mtaro kama watu wanaojua watauhitaji tena. Kikwazo kilikuwa mafundo. Hayakufunguka. Shemeji alijaribu kwa vidole, Bonge kwa meno, Mjomba mwenyewe, aliyeyafunga, akajaribu na kukata tamaa.

"Nyie mlikuwa mnafunga bomba au mnafunga mbuzi?" aliuliza fundi cherehani, ambaye alikuwa ametoka na kigoda chake kuja kuangalia. Akarudi ndani, akaleta kile kidude chake cha kufumulia mishono, chenye ncha mbili. "Mkikipoteza, nitashona kwa meno yenu."

Kwa kidude kile mafundo yalikatika moja baada ya jingine. Nililikagua bomba kila lilipofunguliwa. Halikuwa na mkwaruzo. Mjomba ndiye aliyechukua kazi ya kurudishia. Walipomwaga udongo laini juu ya bomba na kuushindilia, aliweka mkono wake, kiwiko kwenye bomba, akaangalia kiganja kimefika wapi.

"Bado," akasema. "Ongeza."

"Mjomba, imeshafika," alisema Bonge.

"Imeshafika kwa mkono wako mnene. Ongeza!"

Udongo ulipofika kiganjani, akaulaza utepe, akaunyoosha, akaurudia kuunyoosha. Kisha akaniita nipime kwa fimbo. Nikapima. Ilikuwa sawa. Akaniita tena hatua chache mbele, na tena mbele yake, mpaka nikamwambia kwamba akiendelea hivi nitampa fimbo aende nayo nyumbani.

Utepe uliokatwakatwa haukuweza kutumika tena, na kwenye gari lao kulikuwa na nusu ya rola tu. Ulitufikisha kwenye nguzo ya umeme, ukaishia pale. Kivuli cha nguzo kilikuwa kimeshavuka mtaa na kupanda ukuta wa upande wa pili. Taratibu alipiga simu stoo, akaambiwa rola nyingine zipo lakini mwenye funguo ameondoka, atafungua asubuhi.

"Tuendelee kufukua mpaka getini, kesho tuje kulaza tu?" aliuliza Shemeji.

Taratibu aliniangalia. Sikumjibu, lilikuwa swali lake. Akatazama urefu wa mtaro uliobaki, akatazama watoto waliokuwa wakirudi kutoka shule wakichezea kingo zake.

"Hapana," alisema. "Tusiache shimo refu wazi usiku kwa sababu tuna haraka. Kilichofunguliwa tukizungushie kamba. Kilichobaki tutakifungua kesho, tukiwa na utepe mkononi."

Wakakusanya sururu na mabeleshi, wakayapanga nyuma ya gari. Mbele ya mlango wa fundi cherehani mtaro ulikuwa bado haujajazwa hadi juu, kwa hiyo Taratibu na Bonge walileta mbao pana mbili, wakazilaza kuvuka. Taratibu akazikanyaga, akarukaruka juu yake, moja ikacheza. Akashuka, akachukua vipande vya matofali, akavisukumia chini ya ncha.

Nilikunja fimbo yangu. "Mkianza saa mbili, mtanikuta."

"Tutaanza stoo ikifunguliwa, mama. Tukikosa gari tutakuja na rola kichwani."

Mteja alikuja na fulana mkononi, akasimama ng'ambo ya mtaro, akiziangalia zile mbao kwa mashaka.

"Pita tu," Taratibu alimwambia, bado amechutama, mkono wake umeshika ubao. "Subiri. Hii moja bado inacheza kidogo."